Mkopeshaji anayeomba usilipe: Funzo la rehani za watu kwa mkulima wa kahawa Igamba

MWEZI Januari ndio mwezi mgumu kuliko yote kwa mkulima wa Igamba, wilayani Mbozi. Mahindi shambani yanadai mbolea, watoto wanadai sare, daftari na michango ya shule, na ghala limebaki na debe moja au mawili. Kahawa ipo, lakini ingali mtini, kijani, na fedha yake haitaonekana mpaka katikati ya mwaka.

Ndipo anapotokea mtu mwenye fedha mkononi. Haombi hati, haulizi mdhamini, hajazishi fomu. Anataka neno moja tu: kahawa ikikauka, kilo kadhaa ni zake. Kule Kagera biashara hii ya kuuza kahawa ikiwa bado maua au mbichi mtini huitwa butura, na viongozi wameikemea kwa miaka mingi. Huku kwetu jina si hoja, jambo ni lile lile. Mkulima anapokea noti leo na kuacha mavuno yake rehani.

Makala haya hayakusudii kumtukana anayekopesha wala kumcheka anayekopa. Mwenye njaa hachagui, na wahenga walisema mfa maji haachi kutapatapa. Ninachotaka ni tuliangalie neno moja tunalolitumia kila siku bila kulifikiria, yaani rehani. Njia nzuri ya kulielewa ni kurudi nyuma kwenye wakati ambapo kilichowekwa rehani hakikuwa kahawa wala shamba, bali binadamu.

Karafuu, madeni na watu

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na utajiri wa karafuu, na utajiri huo ulisimama juu ya mikopo. Mwenye shamba la mikarafuu alihitaji fedha za kusafisha shamba, kununua chakula, kuoza watoto na kununua watumwa wa kuchuma. Fedha hizo alizipata kwa wafanyabiashara wa mjini, wengi wao wakiwa Wahindi waliokuwa na uhusiano wa kibiashara na Bombay na Kutch. Alipoulizwa dhamana, alikuwa na vitu viwili vya thamani: mikarafuu yake na watu aliowamiliki. Vyote viwili viliandikwa kwenye karatasi ya deni.

Mtumwa hakukopa. Hakula fedha ile, hakuvaa nguo iliyonunuliwa kwa fedha ile, na huenda hakujua kwamba karatasi hiyo ipo. Lakini bwana wake aliposhindwa kulipa, aliyeng'olewa mahali pake, pengine akatenganishwa na mke na watoto, ni yeye.

Mwaka 1860 balozi wa Uingereza Zanzibar, Christopher Rigby, aliwaamuru Wahindi waliokuwa chini ya himaya ya Uingereza kuwaachia watumwa wao, na maelfu ya watu wakapewa vyeti vya uhuru. Kuanzia hapo, kwa mkopeshaji wa aina hiyo, kumshika mtu kama dhamana kukawa kosa mbele ya ubalozi.

Je, mikopo ilikoma? La hasha. Dhamana ilihamia kwenye ardhi. Na kwa kuwa dini ya Kiislamu inakataza riba, mikataba mingi iliandikwa kwa njia iliyoitwa bei ya khiyari. Mwenye shamba "alimuuzia" mkopeshaji shamba lake kwa kiasi alichotaka kukopa, akiwa na khiyari ya kulirudisha akilipa fedha hizo ndani ya muda uliowekwa. Katikati ya muda huo aliendelea kulitumia shamba lile lile, ila sasa kama mpangaji, akilipa kodi. Kwenye karatasi neno riba halikuonekana popote. Lakini kodi ile ndiyo iliyokuwa riba.

Mwezi Aprili 1872 kimbunga kikubwa kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, ingawa Pemba ilinusurika. Mti ulioanguka haulipi deni, na mkarafuu mpya huchukua miaka mingi kuzaa vizuri. Mwaka uliofuata, 1873, Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa njia ya bahari. Wenye mashamba wakabanwa pande zote mbili, na madeni yakazidi kuvimba.

Hata siku utumwa ulipoondolewa kisheria Unguja na Pemba, tarehe 6 Aprili 1897, deni lilikuwemo ndani ya amri yenyewe. Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed iliahidi fidia, na fidia hiyo ni ya bwana, si ya mtumwa. Kisha ikaweka sharti kwamba fidia isikamatwe kwa deni ambalo hapo awali mtumwa mwenyewe asingeweza kukamatwa kwa ajili yake. Soma sharti hilo polepole. Maana yake ni kwamba yalikuwepo madeni ambayo mtu aliweza kukamatwa kwa ajili yake, kama vile ng'ombe anavyokamatwa leo.

Kutoka pwani hadi ukanda wetu

Mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya Waunguja, Mbozi yanatuhusu nini? Yanatuhusu, kwa sababu fedha iliyokopwa Zanzibar ilifika hadi huku ikiwa imevaa nguo nyingine.

Hamed bin Muhammed, anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili jinsi alivyokopeshwa bidhaa za maelfu ya riale na tajiri wa Kihindi, Taria Topan. Bidhaa hizo, hasa nguo na shanga, zilipakiwa vichwani mwa wapagazi na kupelekwa bara kwa muda wa miaka. Deni lilitakiwa kulipwa kwa pembe za ndovu. Na tajiri mwenyewe alikuwa na wanaomdai. Ulikuwa ni mnyororo, kila mmoja akimsukuma aliye mbele yake, hadi mnyororo ukamfikia mtu wa mwisho kijijini, ambaye hakuwa na wa kumsukuma.

Ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, ambao Mbozi imo ndani yake, ulikuwa njia ya misafara hiyo. Karonga, upande wa kusini wa mpaka wa leo, palikuwa na ngome ya mfanyabiashara wa watumwa aliyeitwa Mlozi, aliyepigana na kampuni ya Waingereza kuanzia 1887 na kunyongwa na Waingereza mwaka 1895. Mwanahistoria Marcia Wright, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1993, amekusanya masimulizi ya watu wa ukanda huu walioishi nyakati hizo, wengi wao wanawake. Mmoja ni bibi aliyeitwa Narwimba, ambaye habari zake ziliandikwa na mmisionari wa Kimoraviani, Elise Kootz-Kretschmer. Ukisoma masimulizi hayo unaona jinsi mwanamke au mtoto alivyoweza kupita mikono mingi: akatekwa vitani, akatolewa kumaliza kesi, akatolewa kulipa kile ambacho ukoo ulidaiwa.

Desturi ya kumweka ndugu rehani haikuanzishwa na misafara. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, wakati wa njaa, familia iliweza kumpeleka mtoto kwa mwenye chakula. Mtoto alifanya kazi kule, na waliomtoa walipopata walikwenda kumkomboa. Pwani ya Kenya, katika njaa kubwa ya miaka ya 1880, baadhi ya Wamijikenda waliwapeleka jamaa zao kwa wenye nafaka kwa namna hiyo. Ilikuwa desturi chungu, lakini ilikuwa na mlango wa kutokea. Aliyemshika mtoto alitarajia kulipwa, na mtoto alibaki karibu na kwao, watu wakijua ni wa nani.

Kilichoubomoa mlango huo ni soko. Misafara ilipoanza kununua watu, mtoto aliyewekwa rehani alipata bei. Aliyemshika akawa na njia mbili: kusubiri mavuno ili alipwe vikapu vya nafaka, au kumuuza kwa nguo na bunduki. Siku bei ya mtoto ilipozidi deni, mkopeshaji hakuwa na haja tena ya kulipwa. Aliomba usilipe.

Sheria zilikuja kwa kuchelewa. Wajerumani hawakuuondoa utumwa katika koloni lao. Mwaka 1901 walikataza mtu kufanywa mtumwa upya kwa sababu ya deni au kwa kuuzwa na jamaa zake, na baadaye wakaamua kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru. Utumwa ulifutwa kabisa Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Wala jambo hili si la Afrika peke yake. Mwezi Januari 2005 benki kubwa ya Marekani, JPMorgan Chase, iliomba radhi hadharani baada ya kugundua kwamba benki mbili za Louisiana ilizozirithi zilipokea watumwa wapatao 13,000 kuwa dhamana ya mikopo kati ya 1831 na 1865. Wakopaji waliposhindwa kulipa, benki hizo ziliishia kuwamiliki watu wapatao 1,250. Hapakuwa na msafara hapo wala ngome. Palikuwa na makarani, wino na vitabu vya hesabu.

Swali moja la kumpima mkopeshaji

Leo hakuna mtu Igamba anayeweza kumweka mwanadamu rehani kisheria, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Lakini somo la kiuchumi la habari hizi halijachakaa. Mikopo yote duniani, iwe ya benki au ya jirani, unaweza kuigawa katika mafungu mawili. Fungu la kwanza ni la mkopeshaji anayefaidika ukilipa. Fungu la pili ni la mkopeshaji anayefaidika zaidi ukishindwa.

Mkopeshaji wa fungu la kwanza atakuuliza unalima nini, utavuna lini, una madeni mengine au huna. Atakusumbua kwa maswali kwa sababu anataka fedha yake irudi. Wa fungu la pili hana maswali mengi. Anaangalia kitu kimoja tu, kile unachokiacha mkononi mwake. Ukiona mtu anakupa shilingi 300,000 bila maswali na kutaka umwandikie shamba la kahawa lenye thamani ya mamilioni, usifurahie upole wake. Hesabu yake haiko kwenye 300,000. Iko kwenye shamba.

Na shamba la kahawa si kama gunia la mahindi. Mche wa kahawa huchukua miaka mitatu hivi kuanza kuzaa. Ukilipoteza shamba leo, hujapoteza msimu mmoja, umepoteza miaka yote uliyoipanda, na umempokonya mwanao miaka ijayo. Hapa ndipo rehani ya leo inapofanana na ya zamani: anayelipa mara nyingi siye aliyekopa. Baba anasaini, mama anakosa mahali pa kulima. Kaka anakopa kwa ajili ya pikipiki, mdogo wake anaacha shule ili akafanye vibarua katika shamba la anayewadai.

Riba iliyojificha

Somo la pili ni lile la bei ya khiyari: riba haihitaji kuitwa riba. Wengi wetu tukiambiwa asilimia 10 kwa mwezi tunaruka. Tukiambiwa "nipe kilo hamsini tu mwezi wa saba" tunaona nafuu. Tufanye hesabu kwa mfano. Bei ninazozitumia hapa ni za kufundishia tu, kila msomaji aweke za msimu wake.

Tuseme Januari umepewa shilingi 100,000 kwa ahadi ya kutoa kilo 50 za kahawa kavu ya maganda mwezi Julai. Maana yake umeuza kila kilo kwa shilingi 2,000. Julai ikifika na bei kuwa shilingi 4,000, kilo zako 50 ni shilingi 200,000. Umekopa 100,000 na kulipa 200,000 kwa miezi sita. Hiyo ni asilimia 100, sawa na karibu asilimia 17 kwa kila mwezi.

Sasa linganisha. Chini ya utaratibu uliowekwa na Benki Kuu ya Tanzania baada ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, wakopeshaji wadogo wenye leseni wasiopokea amana hawatakiwi kutoza riba zaidi ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo ule ule wa 100,000 kwa miezi sita, riba ya juu ingekuwa shilingi 21,000. Ungelipa 121,000, yaani kilo 30 na kidogo kwa bei hiyo ya 4,000. Kilo karibu 20 zilizobaki zingelala nyumbani kwako.

Hata bei ikianguka hadi shilingi 2,500, kilo 50 ni shilingi 125,000, ambayo ni zaidi ya asilimia 4 kwa mwezi. Ni pale tu bei itakaposhuka chini ya shilingi 2,000 ndipo mkopeshaji atakapopata hasara, na lazima tukubali kwamba katika mkataba wa namna hii hatari hiyo ameibeba yeye. Muulize mapema, mbele ya shahidi: bei ikishuka, bado utapokea kilo 50 zile zile, au utageuka na kudai fedha? Jibu lake litakuonyesha kama ni biashara au ni mtego.

Uliza pia la pili: mvua ikikataa au kahawa ikishambuliwa na ugonjwa, nikapata kilo 30 tu, hizo 20 zitakuwaje? Akisema zitakuwa 40 mwakani, ujue deni limeanza kuzaa. Kilo 20 zikigeuka 40, na 40 zikigeuka 80, misimu miwili tu inatosha kukufanya mpangaji kwenye shamba lako mwenyewe, kama yule mwenye mikarafuu wa Unguja.

Na mkopo wa gunia uhesabiwe hivyo hivyo, kwa kipimo kimoja. Ukikopa gunia moja la mahindi Januari likiwa shilingi 90,000, ukarudisha mawili Julai yakiwa shilingi 45,000 kila moja, kwa shilingi umelipa sawasawa. Tatizo ni kwamba Januari inayofuata utalihitaji tena gunia ulilolitoa kwa 45,000, nawe utalinunua kwa 90,000. Umaskini wa hapo umetokana na kukosa ghala na subira kuliko kutokana na ukatili wa jirani. Dawa yake ni kuhifadhi.

Marufuku peke yake haitoshi

Somo la tatu ni kwa viongozi wetu. Kila mara serikali ilipopiga marufuku aina fulani ya rehani bila kuleta fedha mbadala, deni lilibadilisha njia tu. Rigby aliwaondoa watu kwenye karatasi za wakopeshaji aliowasimamia, deni likaenda kwenye ardhi. Mwaka 1934 Zanzibar ilitunga sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasichukuliwe na wadai, kwa sababu wakulima wa karafuu walikuwa wamezama katika madeni. Mwaka 1938 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kusuluhisha madeni hayo. Tanganyika nako, katika miaka ya 1920, Waingereza waliweka sheria ya kuzuia Waafrika wasidaiwe mahakamani mikopo iliyotolewa bila kibali. Nia ilisemwa kuwa ni kumlinda mwenyeji. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara Mwafrika mwaminifu alinyimwa mkopo wa halali, huku mikopo ya pembeni ikiendelea.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ikusanywe na kuuzwa kupitia vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, na wanunuzi binafsi wakazuiwa kupita mashambani. Lengo moja lilikuwa kukata mizizi ya butura. Lakini mwezi Januari haukufutwa na agizo lile. Mbolea bado ilihitajika, ada bado ilidaiwa. Palipokuwa na pengo, mkopeshaji aliweza kulipita: kahawa ya mkulima ikapelekwa chamani kwa jina la mwingine. Na kila AMCOS inapochelewesha malipo baada ya mnada, inampa mkopeshaji mteja mpya bila kujua. Ushirika unaotaka kuishinda butura hauna budi kushindana nayo katika jambo moja ambalo butura inaliweza vizuri, nalo ni kulipa haraka.

Ikumbukwe kwamba ushirika wenyewe ulizaliwa kutokana na tatizo hili hili. Friedrich Raiffeisen alianzisha vyama vya mikopo vya vijijini huko Ujerumani katika miaka ya 1860 kwa sababu wakulima walikuwa wanaliwa na wakopeshaji. Fikra hiyo ilizunguka dunia, na SACCOS zetu za leo ni wajukuu zake. Tanganyika ilipata sheria ya vyama vya ushirika mwaka 1932, na KNCU ya Kilimanjaro ikaundwa mwaka 1933 kwa ajili ya kahawa. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976 na kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Historia hiyo ya kuvunja na kurudisha ndiyo sababu moja ya wazee wengi kuuangalia ushirika kwa jicho la pembeni. Imani hairudi kwa hotuba, inarudi kwa vitabu vya hesabu vinavyosomwa mbele ya wanachama.

Mkulima afanye nini?

Kwanza, aanze kuweka akiba Julai, si kutafuta mkopo Januari. Fedha ya kahawa ikiingia, sehemu ya mbolea na ada itengwe siku hiyo hiyo, ama kwenye VICOBA, ama SACCOS, ama kwa kununua mbolea mapema. Vikundi hivi vinatambuliwa na sheria ya 2018, na riba mnayotozana inarudi kwenu wenyewe wakati wa kugawana.

Pili, anayelazimika kukopa akope kwa shilingi na alipe kwa shilingi. Mkopo wa shilingi unaweza kuhesabiwa na mtoto wa darasa la sita. Mkopo wa kilo huficha riba. Na anayejiita mkopeshaji wa biashara aombwe kuonyesha leseni. Mwenye leseni hataona aibu kuitoa.

Tatu, rehani ilingane na deni. Ikibidi kuweka kitu, kiwe ni kitu ambacho ukikipoteza utaumia lakini utaendelea kulima. Redio, baiskeli, hata mbuzi. Shamba la kahawa lisiwe dhamana ya mbolea ya mahindi.

Nne, mume na mke wakae mezani kabla ya saini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwenzi mmoja kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mkopeshaji anayekuambia usimshirikishe mkeo amekwisha kukuambia nia yake.

Tano, wenye mahindi waitazame stakabadhi ghalani, iliyowekewa sheria mwaka 2005. Mazao yakiwa ghalani, stakabadhi yake inaweza kuwa dhamana ya mkopo wa benki wakati mkulima anasubiri bei nzuri. Hiyo ni rehani ya kitu kilichokwisha kuvunwa na kupimwa. Kahawa ya mtini haijulikani hata itakuwa kilo ngapi.

Sita, mikataba iandikwe, isomwe kwa sauti, na nakala ibaki kwa mkopaji. Asiyejua kusoma aende na mtu wake, asiende na mtu wa mkopeshaji.

Wapo watakaosema kwamba nimewaonea wakopeshaji, kwani nao huibiwa, na wapo wakulima wanaokopa kwa watu watatu na kuuza kahawa kwa wa nne. Ni kweli, na mkulima wa namna hiyo anawapandishia riba majirani zake wote. Uaminifu nao ni dhamana, tena ndiyo dhamana pekee ambayo mdai hawezi kuiuza. Kikundi kinachojulikana kulipa kwa wakati hupata mkopo kwa masharti mepesi kuliko mtu mmoja mwenye ekari tano za rehani.

Dawa ya deni ni kulipa, walisema wahenga. Lakini dawa hiyo inafanya kazi pale tu ambapo aliyekukopesha anataka ulipe. Kabla ya kupokea noti msimu ujao, mkulima wa Igamba ajiulize swali ambalo mtoto aliyewekwa rehani enzi za misafara hakuwahi kupewa nafasi ya kuliuliza: huyu bwana ananiombea nivune, au ananiombea nishindwe?

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.